Tumpe Kijana Shoka

Leo nakuomba unistahimili, maana niliyonayo si maneno ya kufurahisha, na mtu wa kwanza yatakayemchoma ni mimi mwenyewe ninayeyaandika.

Ukitoka msikitini baada ya sala ya Alasiri katika mitaa yetu ya Mombasa, utawakuta vijana wamekaa maskani zao. Wako waliomaliza Kidato cha Nne, wako walioacha shule kwa kukosa karo, na wako ambao hata huko hawakufika. Hawana shule wanayokwenda wala kazi wanayoiamkia. Nasi wazee twawapita. Atakayewasalimu huwasalimu nusu nusu, na akifika mbele kidogo humwambia mwenziwe: "Watazame hawa! Vijana wa siku hizi ni wavivu, hawataki kazi." Kisha twaenda zetu kunywa kahawa na nyoyo zimetua, kana kwamba huko kulaumu ndiko kutimiza wajibu.

Neno hili "wavivu" ndilo ninalotaka tulipime leo. Lakini kabla ya kulipima, nataka nikueleze kisa changu.

Kijana mmoja nilimsomesha tangu ana miaka sita. Alikhitimu msahafu mbele yangu. Alipomaliza Kidato cha Nne alama zake hazikutosha kumpeleka mbele, na babake hakuwa na uwezo wa kumtafutia chuo cha kulipia. Siku moja akanijia baada ya Magharibi, akaniambia: "Maalim, kuna fundi wa mafriji amekubali kunifundisha, lakini ataka ada ya miezi mitatu, na niende na vifaa vyangu. Niombee kwa wenye uwezo hapa msikitini." Mimi nikamwombea dua, nikamtilia mkononi noti ya shilingi 200. Akaitazama ile noti, akasema kwa adabu yake: "Ahsante, maalim. Hii ni ya leo. Na ya kesho?" Nikamwambia avute subira. Nilimtaja kwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja akaniambia tutatazama, nami nikaona haya kurejea mara ya pili. Ikapita miaka miwili hivyo. Katika miaka hiyo miwili akaingia katika unga, na mwisho wake tukamzika, naye hajatimia miaka 24.

Siku ya hitma yake tukachangisha. Alasiri moja tu ilitosha kupata pesa za mchele, mbuzi wawili, hema na viti. Mimi ndiye niliyeshika daftari la mchango. Nilipojumlisha hesabu nikaona ya kuwa fedha zile zingalimlipia ada ya fundi, zikamnunulia vifaa vyake, na nyingine zikabaki. Sisemi hapa juu ya hukumu ya hitma. Hilo lina mahali pake. Nasema kwamba watu walikuwa ni wale wale, na mifuko ilikuwa ni ile ile. Alipokuwa hai tulikosa, alipokufa tukapata. Basi niambie, ndugu yangu, mvivu hapo alikuwa nani?

Sasa tulipime hilo neno. Mtu mvivu ni yule aliyeonyeshwa kazi akaikataa. Je, sisi tumewaonyesha kazi gani? Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwa kikilisha majumba mengi ya Kwale, kilifungwa miaka ya 1980. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kikasimama miaka ya 1990. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatolewa amri makontena yapelekwe Nairobi kwa reli hiyo. Madereva, mautingo, makuli na mafundi wa gereji waliokuwa wakipata riziki kwa malori wakabaki mikono mitupu. Na amri hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 2022. Vijana hawa tunaowatukana hawakuifunga Ramisi, wala hawakutoa amri ya makontena. Na wale waliopata mlango, hata uwe mwembamba, watazame: wako juu ya bodaboda tangu alfajiri, wako kwenye mikokoteni juani, wako sokoni na magunia mgongoni. Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema, na vijana hao walilijua hilo bila ya kufundishwa na sisi.

Ama wale waliobaki barazani, mimi sisemi wote ni malaika. Wako walioizoea baraza mpaka imewaozesha. Lakini mti ukiachwa bila ya maji hukauka, na mwenye shamba hana haki ya kuulaumu kwa kukauka. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na mwezi ule ule mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo. Kukawa na kelele nyingi, sisi masheikh tukiwa mstari wa mbele, na mimi nilikuwamo. Kuukataza ubaya ni wajibu wetu. Lakini sikumsikia mmoja wetu, wala nafsi yangu sikuisikia, ikiuliza: kijana huyu tukimwondolea jani mdomoni, mkononi tutamtia nini?

Ndugu msomaji, jawabu ya swali hili Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kuionyesha kwa vitendo, na kisa chenyewe twakisoma kila siku katika Sunan ya Abu Daud, tukakitolea mawaidha, kisha tukakirejesha rafuni. Alikwenda kwake mtu mmoja katika Ansari, akaomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu. Akasema kipo kitambaa kizito, upande wanajifunika na upande wanatandika, na kikombe cha kunywea maji. Mtume akamwamrisha avilete. Akavishika kwa mkono wake mbele ya watu, akavinadi. Mtu mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, akalikariri hilo mara mbili au tatu, mpaka mwingine akatoa mbili. Akampa yule Ansari dirhamu zile mbili, akamwambia moja awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka amletee. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirejea ana dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Tazama sasa, ndugu yangu, kisa hiki kina mambo matano, na sisi yote matano tumeyaacha.

La kwanza, Mtume alianza kwa kumuuliza mtu yule ana nini. Hakuanza kwa kumuuliza kwa nini hana. Sisi kijana akitujia, huanza kumhoji: "Kwa nini hukusoma? Alama zako zilikuwaje?" Hatumuulizi ajua nini, mkono wake wapenda kazi gani, ana nani wa kumshika mkono. Kijana aliyefungua pikipiki ya jirani akaifunga tena ikawaka, huyo ana kikombe chake cha kunadi. Binti ashonaye nguo za ndugu zake kwa sindano ya mkono, naye ana chake.

La pili, alilitia jambo lile mbele ya jamaa. Hakulifanya siri baina yake na mwombaji, wala watu hawakukaa kutazama tu. Mtu wa kwanza alitoa, na wa pili akazidisha. Sisi tumemwachia kila mama mjane ahangaike peke yake na mwanawe.

La tatu, dirhamu ya kwanza ilikuwa ya chakula. Hapa ndipo wanapoteleza wale wasemao kijana ajifunze kwanza, atakula baadaye. Fundi humwambia kijana akae miezi sita bure. Kwao hakuna cha kupika. Baada ya wiki tatu kijana huacha, nasi twasema: "Unaona? Tulimpa nafasi akaichezea." Hakuichezea; alikuwa na njaa! Anayetaka kumsomesha mtu ufundi na amhesabie nauli na chakula cha mchana.

La nne, shoka lilitiwa mpini. Chuma bila ya mpini hakikati kuni. Serikali zetu zimetoa vyuma vingi: Huduma ya Vijana kwa Taifa ilianzishwa mwaka 1964, Hazina ya Vijana mwaka 2006, kazi za kusafisha mitaa mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaja mikopo ya Hustler Fund. Sivibezi, wako walionufaika. Lakini kumkopesha pesa kijana asiyejua ufundi wala biashara, asiye na mtu wa kumwongoza, ni kumwongezea deni juu ya umasikini wake. Mpini ni ule ujuzi, na ni yule mtu wa kumshika mkono, naye huyo hatoki afisini, hutoka mtaani.

La tano, alimwekea muda, kisha akamtazama amerudi na nini. Hakumpa akamsahau. Sisi twapenda kupigwa picha siku ya kukabidhi charahani, lakini hakuna anayekwenda baada ya miezi mitatu kuuliza kama ingali inashona au imeuzwa.

Huenda ukasema: "Sheikh, haya ni mazuri, lakini pesa ziko wapi?" Pesa ziko, na nyingine si zetu, ni haki ya hao vijana iliyo mikononi mwetu. Chukua hesabu nyepesi. Mfanyabiashara mwenye shilingi 1,000,000 zilizozungukiwa na mwaka hutoa zaka moja katika arubaini, yaani 25,000. Hungoja Ramadhani, watu wakapiga safu mlangoni kwake tangu asubuhi, akagawa mia mia kwa watu 250. Wale watu 250 jioni wamekwisha kufuturu kwazo, na mwaka wa pili huwakuta pale pale mlangoni, na wana wao wamezidi.

Huenda akaniambia: "Lakini hivyo ndivyo zaka inavyotolewa." Basi na atazame vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika al-Majmu' kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua vyombo vya ufundi wake, thamani yake ikiwa kubwa au ndogo, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa kumtosha kwa biashara yake. Makusudio ni mtu atoke katika ufakiri, asibakishwe ndani yake akilishwa kidogo kidogo. Vitabu hivi twavisomesha. Seremala apewe msumeno na randa, fundi wa stima apewe sanduku la vyombo vyake. Si fikra mpya iliyoletwa kutoka Ulaya. Ni fiqhi yetu, nasi tumeifungia kabatini.

Na wazee wetu walilifahamu jambo hili. Yule anayepita Tudor akakiona Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na ajue kilianza vipi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kilianzishwa kwa jina la Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Sultani wa Zanzibar alitoa, Aga Khan alitoa, jamaa wa Kibohora walitoa, na serikali ya wakati ule ikatia yake. Walitoa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi wa mikono. Baadaye mlango ukawa wazi kwa watu wote, mwaka 1972 kikawa Politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Sisi twajivunia kwamba mali ya Waislamu ilizaa kheri kubwa kiasi hicho. Lakini nakuuliza, sisi wa zama hizi tumejenga nini cha mfano wake? Tumejenga minara. Msikiti una mazulia mapya juu ya mazulia ambayo hayajachakaa, na nje ya mlango wake kijana amekaa juu ya jiwe.

Sasa nije kwa jamaa zangu waalimu, nisije nikaonekana nawapiga matajiri nikajificha mimi. Sisi humpokea mtoto ana miaka mitano au sita, tukamwadabisha, na akifika miaka kumi na minne au kumi na mitano tukamwambia amekhitimu, tukampa cheti na zawadi ya thermosi. Tunamwacha wakati ule ule anapoingia katika umri wa khatari! Mtume Daud (a.s.) alifanya nguo za chuma za vita kwa mkono wake, na Mtume Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Twawasomesha watoto majina ya Mitume hao na hatuwaambii kwamba walishika vyombo vya kazi. Na vyumba vya madrasa zetu nyingi asubuhi vimefungwa kufuli, mpaka watoto watoke skuli. Mafeni yapo, viti vipo, choo kipo. Kuna dhambi gani chumba hicho asubuhi kikawa cha charahani, au cha kufundishia nyaya za stima, na alasiri kikarudi kuwa cha Kurani?

Na msifikiri nasema juu ya wavulana peke yao. Binti aliyemaliza skuli huwekwa nyumbani, akaambiwa angoje posa. Posa isipokuja upesi, huja wakala na karatasi za kumpeleka Saudia kufanya kazi za nyumbani. Wako waliokwenda wakarudi salama na akiba, na wako waliorudi na maradhi, na wengine wamerudi ndani ya sanduku. Mzazi aliyeona aibu bintiye kujifunza kazi ya mkono hapa kwao, mbele ya macho yake, humwachilia akavuke bahari kwenye nyumba za watu asiowajua. Hiyo ni hishima ya namna gani?

Huenda mwingine akasema: "Hata wakijua ufundi, kazi hakuna." Nami namjibu: mfereji wako ukiharibika, friji yako ikiacha kupoza, stima ikikatika nyumba moja tu, waita nani, naye hutoka wapi? Mara nyingi hutoka mtaa wa mbali, na wamngoja siku mbili, na kijana wa jirani yako amekaa barazani amtazama akipita na sanduku lake. Kazi zimo humu humu majumbani mwetu.

Na mwingine atasema: "Hawana vyeti." Basi na ajue kwamba katika Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayotoa mtihani wa ufundi, daraja ya tatu, ya pili na ya kwanza. Aliyejifunza kwa fundi wa mtaani huenda akafanya kazi ile kwa mkono wake mbele ya watahini, na akipasi hupewa cheti kinachotambulikana. Vijana wetu wengi hawana khabari ya mlango huu, maana hakuna aliyewaambia. Na kabla ya hapo wengine hata kitambulisho hawana, wamekwenda mara moja wakarudishwa, wakakata tamaa. Mzee mwenye ndevu nyeupe akifuatana na kijana mpaka afisini, akakaa naye kwenye benchi mpaka jina lake likaitwa, hakutoa hata shilingi moja, naye amekwisha kutia mpini.

Basi nasema hivi, na nalisema kwa matajiri, kwa kamati za misikiti na kwa waalimu wenzangu. Kila msikiti wa Ijumaa na uchague watu watatu: mzee mmoja anayeaminika, fundi mmoja mwenye kazi yake, na kijana mmoja katika hao wa maskani wenyewe, maana wao wanajuana zaidi kuliko tunavyowajua. Waandike majina ya vijana wasio na skuli wala kazi katika mtaa wao, wake kwa waume, na mbele ya kila jina waandike ajua nini na ataka nini. Mwaka wa kwanza wasichukue mia, wachukue wanne. Kwa kila mmoja atafutwe fundi, na fundi alipwe, asiombwe hisani, maana naye ana watoto. Kijana atengewe nauli na chakula. Akimaliza anunuliwe vyombo kwa zaka, kama wanavyuoni walivyosema, na kila miezi mitatu aende mtu akamtazame. Na sisi wa mtaa tuahidi jambo moja: kazi zetu za nyumbani tutampa yeye kwanza, hata akikosea mara moja au mbili, kwani hata huyo fundi tunayemsifu leo alijifunzia nyumbani kwa mtu.

Wahenga wametuambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu, mwanao uliyemzaa umempa nini katika miaka ishirini?

Mimi nimekwisha kuanza kujihukumu. Chumba kimoja cha madrasa yangu sasa chafunguliwa asubuhi. Kina charahani tatu kuukuu na fundi mmoja wa kike, na mabinti watano. Ni kidogo, na kwa yule kijana wangu kimechelewa. Yeye yuko kaburini, nami nitaulizwa juu yake. Ile noti ya shilingi 200 naiogopa siku ya hesabu zaidi kuliko mengi niliyoyafanya.

Wewe, ndugu msomaji, ungali una nafasi. Ijumaa hii ukitoka msikitini usiwapite. Simama, toa salamu iliyokamilika, ukae nao barazani, umuulize mmoja tu: "Mwanangu, mkono wako wajua nini?" Kisha lifuate jawabu lake mpaka mwisho, wala usione haya kubisha hodi mara ya pili, kama nilivyoona haya mimi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atutie nguvu ya kuyatenda tuliyoyasema. Amin.